Chini ya nyumba zetu palikuwa watu: vipande vya nyungu vinasema nini juu ya Kisangani ya zamani

Kila musimu wa mvua kubwa, mto unakula ukingo wake kidogo. Udongo unaanguka ndani ya mayi, na pale ulipokatika panaonekana mistari: udongo mwekundu, kisha mweusi, kisha tena mwekundu. Ndani ya ule mweusi, mwenye kuangalia vizuri anaweza kuokota kipande cha chungu chenye kuchorwa, kipande cha makala, ao kokwa ya ngazi yenye iliungua zamani. Batoto wanavitupa mutoni kwa kucheza. Wenye kuchoma matofali wanavisukuma pembeni, juu vinaharibu udongo wao. Hakuna mutu anasimamisha kazi kwa ajili ya kipande cha chungu.

Na bado, hivi vipande njo kitabu chetu. Hatuna majumba ya mawe ya miaka elfu mbili. Hatuna maandiko ya wakati ule. Yenye tuko nayo ni udongo, na vitu vilivyobaki ndani yake. Na siku hizi, wakati watu wanauana Lubunga juu ya kujua nani alifika kwanza, ni vizuri kuuliza udongo wenyewe unasema nini.

Jina la mji ni alama ya kwanza

Tuanze na kitu chenye kila mutu iko nacho mdomoni: jina. Kwa maelezo yanayojulikana zaidi, Kisangani ni Kiswahili cha jina la wenyeji, Boyoma, na yote mawili yanasema kitu kimoja: mji wa kwenye kisiwa. Wenye kusema Lingala walikuwa wanaita Singitini, maana ni ileile. Luga tatu, kisiwa kimoja. Jina lile lilikuwako mbele ya Wazungu kuandika Stanleyville kwenye karatasi zao, na likarudi kwenye karatasi mwaka 1966.

Visiwa viko vingi hapa, na kimoja kinajulikana sana katika historia: Wana Rusari, karibu na maporomoko ya saba. Mwezi wa 12 mwaka 1883, Stanley alifika pale kwa mashua na akafungua kituo. Alipoondoka, alimwacha fundi mmoja wa mashine, Mskoti kwa jina Binnie, achunge kituo katikati ya watu wenye hakujua luga yao. Mwaka 1886 watu wa Tippu Tip walishambulia kituo, kikaungua. Mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe, mufanya biashara wa Zanzibar, akapewa cheo cha gavana wa Stanley Falls. Wangwana wake walituachia mchele mashambani, misikiti, na hii luga yenye unasoma sasa.

Watoto wengi masomoni wanafikiri historia ya Kisangani inaanzia pale, 1877 ao 1883. Lakini Stanley mwenyewe alikuta watu. Alipopita maporomoko mara ya kwanza, mwezi wa 1 mwaka 1877, aliandika juu ya Wagenia na miti yao minene yenye kusimamishwa ndani ya mayi makali, yenye kufungwa kwa kamba za msitu, na vitunga vikubwa vya kukamata samaki. Ni kazi ileile yenye wageni wanaenda kupiga picha leo.

Fikiri kidogo juu ya ile miti. Mayi inaivunja, inaoza, wanaiweka mingine. Hakuna mti mmoja pale wenye umri wa miaka mia moja. Lakini kazi yenyewe haikuanza juzi: kujua jiwe gani linashika mti, mayi inapanda lini, samaki anapita wapi, ni akili ya vizazi na vizazi. Mti unaoza, kazi inabaki. Ni hivyo historia yetu ilivyo: vitu vinaisha, na alama inabaki mahali pengine, kwenye mikono, kwenye luga, na chini ya udongo.

Kwa nini kwetu hakuna magofu

Kule kwao Binnie, upande wa kaskazini ya Scotland, kuna visiwa vya Orkney, vyenye upepo mkali na miti kidogo sana. Juu miti ilikosekana, watu wa zamani walijenga kwa mawe: ukuta wa mawe, kitanda cha mawe, hata kabati ya kupanga vitu ni mawe. Mwaka 1850 dhoruba kubwa ilipiga pwani ya kisiwa kimoja, ikaondoa mchanga na majani, na kijiji kizima kikaonekana. Kinaitwa Skara Brae. Umri wake ni karibu miaka 5000. Leo watu wanalipa ndege na mashua kwenda kukiangalia.

Sisi, kinyume, tuliishi katikati ya miti. Nyumba ilijengwa kwa miti, majani na udongo, na ilikuwa nyumba nzuri, yenye baridi ndani. Ikichoka, unajenga ingine. Ukiiacha miaka kumi, msitu unairudisha. Zaidi ya hiyo, udongo wetu ni mkali: mvua nyingi imeondoa chokaa ndani yake, na mifupa ya watu na ya nyama inaliwa pole pole mpaka haibaki kitu. Kwa hiyo mgeni akipita anasema: hapa ni msitu mtupu, haukukaliwa na mutu. Kumbe alikosa paka macho ya kuangalia.

Vitu vitatu vinavumilia. Cha kwanza ni chungu: udongo ukishachomwa hauozi tena. Cha pili ni makala: kuni ikiungua vizuri, wadudu hawaili. Cha tatu ni kokwa ya ngazi yenye iliingia motoni. Mama alipika, akavunja chungu, akatupa vipande ndani ya shimo la takataka pamoja na majivu na kokwa. Alifikiri anatupa uchafu. Miaka 2000 nyuma, ule uchafu njo barua yake kwetu.

Namna ya kusoma ile barua ni hivi. Kila mti ulio hai unaingiza ndani yake kaboni 14, yenye iko hewani. Ukikatwa, hauingizi tena, na ile iliyo ndani inaanza kupunguka: miaka 5730 ikipita, inabaki nusu. Watu wa maabara wanapima kiasi kilichobaki ndani ya kipande cha makala, wanajua ule mti ulikufa lini. Na kama makala ililala ndani ya shimo moja na chungu, umri wa makala unatuonyesha umri wa chungu. Kwa hiyo chungu pekee yake, yenye kung'olewa na kuwekwa mezani, haisemi mingi. Chungu na makala yake, na shimo lake, njo vinasema.

Watafiti ndani ya mutumbwi

Barabara za kwetu unazijua. Watu wenye kutafuta alama za zamani hawakupita barabarani, walipita mutoni. Kuanza mwaka 1977, Mjerumani Manfred Eggert na wenzake walipanda mito ya bonde la Congo kwa mashua, kijiji kwa kijiji. Akili yao ilikuwa rahisi: katika msitu, mahali pa pekee penye udongo iko wazi ni kijijini, pale bamama wanafagia kila asubuhi. Na mahali pazuri pa kijiji leo, juu ya ukingo usiofikiwa na mayi, palikuwa pazuri zamani pia. Kwa hiyo walitafuta vigae chini ya miguu ya wenye kuishi. Kule Imbonga, kwenye mto Momboyo, upande wa Équateur, walipata nyungu za karne nne mbele ya Yesu. Ni kati ya nyungu za kwanza kabisa za katikati ya msitu wetu.

Kwa upande wetu, mwaka 2010, wakati Congo ilikuwa inafanya sikukuu ya miaka 50 ya uhuru, msafara mkubwa ulitoka hapa Kisangani kwenda mpaka Bumba, na kuingia mito ya Lomami, Aruwimi na Itimbiri. Waliuita Boyekoli Ebale Congo, maana yake kujifunza mto Congo. Ndani yake mulikuwa walimu wa Iniversite ya Kisangani na watafiti wa Ubelgiji: wa samaki, wa miti, wa wadudu, wa luga, na pia wachimbaji wa vitu vya kale kutoka musée ya Tervuren. Wengi tunakumbuka ule msafara juu ya samaki na vyura. Lakini nyungu pia ziliokotwa, kwenye kingo zilezile zenye baleinière inapita kila siku.

Na upande wa mashariki, historia inarudi nyuma zaidi. Katika pango la Matupi, mlima Hoyo, Ituri, Mbelgiji Francis Van Noten alichimba miaka ya 1970 na kupata mawe madogo yenye kuchongwa, ya chini kabisa yakiwa na umri zaidi ya miaka 40 000. Kule Ishango, penye Semliki inatoka ndani ya ziwa Edouard, Jean de Heinzelin alipata miaka ya 1950 mfupa wenye kukatwa mistari kwa mafungu, wenye karibu miaka 20 000 ao zaidi, na wengi wanaona ni namna ya kuhesabu. Ule mfupa uko Bruxelles. Mtoto wa Kisangani mwenye kutaka kuuona anahitaji visa.

Miaka mia mbili ya kimya

Mwaka 2021, kundi la watafiti la Dirk Seidensticker, Koen Bostoen wa Iniversite ya Gent na wenzao, lilikusanya tarehe zote za kaboni zenye zilipatikana katika msitu wa Congo na kando yake: tarehe 1149, kutoka mahali 726, zenye kufungamana na namna 115 za kutengeneza na kupamba nyungu. Walipozipanga kwa mstari, waliona kitu chenye hakikungojewa.

Walikuwa wanafikiri, na sisi wote tulifundishwa hivyo masomoni, kama Wabantu walitoka upande wa Cameroun, wakaingia msituni na nyungu zao, chuma chao na mashamba yao, na wakabaki pale mpaka leo, baba kwa mtoto. Tarehe zinasema vingine. Kuna wakati wa kwanza wa watu wengi, na nyungu za namna moja kuenea mbali. Kisha, kati ya mwaka 400 na 600 kisha Yesu, alama zinapunguka sana karibu kila mahali. Vijiji vinanyamaza. Msitu unarudi juu ya mashamba. Ni karne mingi nyuma njo watu wengine wanajaa tena, na nyungu za namna ingine.

Nini kilitokea? Hewa ilikuwa imebadilika, mvua iliongezeka. Wale watafiti wanafikiri pia pengine ugonjwa mkubwa wa kuambukiza ulipita na kukaa muda mrefu. Sisi wa jimbo hili, wenye tulishasikia mara mingi habari za Ebola kule Bas-Uele na Ituri, hatuhitaji kufasiriwa sana namna ugonjwa unaweza kufunga kijiji.

Hii habari inageuza pia maneno tunayosema juu ya msitu. Tunasema msitu bikira. Lakini angalia afrormosia, ule mti wenye makampuni ya mbao wanautafuta sana hapa Tshopo. Unapenda mwangaza, batoto yake wanashindwa kukomaa chini ya kivuli kizito. Ndiyo maana kuna watafiti wanaofikiri kama miti mikubwa ya namna hii ilipata nafasi ya kuota juu zamani palikuwa mashamba pale. Mti wenye unakatwa leo kwa kupelekwa Ulaya, pengine ulipandishwa na jembe la babu mwenye hatumjui jina.

Mwenyeji ni nani?

Hapa njo tunafika kwenye neno lenyewe. Kuanzia mwanzo wa 2023, Wambole na Walengola wamepigana Lubunga na kando yake, mpaka ndani ya teritwari za Opala na Ubundu. Chanzo ni udongo: shamba kubwa lilipewa kampuni, na swali likasimama, nani alikuwa na haki ya kuutoa. Watu wengi walikufa, nyumba ziliungua, maelfu walikimbia wakaja kulala upande huu wa mto. Na katika maneno ya kila upande, sentensi moja inarudi: sisi tulikuwa hapa kwanza.

Vipande vya nyungu vinaweza kujibu? Mutu mmoja anaweza kuchimba, akapata chungu, akasema: hii ni ya babu yangu, udongo ni wangu. Hapana. Chungu haina kabila. Inaonyesha mkono uliotengeneza na moto uliochoma, haionyeshi luga ya mwenye alikunywa ndani. Na kama kweli kati ya 400 na 600 vijiji vilinyamaza, basi watu waliokuwa hapa kwanza kabisa si lazima wawe mababu wa mutu yeyote mwenye kupigana leo. Sisi wote, kwa namna moja ao ingine, tulikuta mahali palipolaliwa na wengine.

Luga nazo zinasema kitu. Mwingereza Malcolm Guthrie, mwenye alipanga luga za Kibantu kwa herufi na namba, aliweka Kimbole D11, Kilengola D12, Kimituku D13, na Kigenya D14: fungu moja, wanafuatana sawa nyumba za avenue moja. Hii haisemi ni luga moja. Inasema ni majirani wa siku mingi, wenye walibadilishana maneno, samaki, na bibi. Ushuhuda mwingine ni liganda, ile feza ya chuma yenye umbo la mkuki mkubwa, yenye ingine inapita urefu wa mutu. Walokele, Watopoke na Waturumbu waliitumia kwa mahari na biashara. Feza haina kazi kama jirani haikubali. Kwa hiyo hii mito ilikuwa soko mbele ya kuwa mpaka.

Kuhusu haki ya udongo leo, sheria ya 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, na haki za vijiji zinapaswa kuangaliwa ndani ya sheria. Ni kazi ya tribinali na ya wakubwa wa vijiji, na ni kazi ya kufanya kwa kweli, si ya kuacha. Lakini isifanywe kwa historia ya uongo. Mwenye kuwaambia vijana kama udongo ulimungojea yeye peke yake tangu mwanzo wa dunia, anawapa panga, hawapi historia.

Ukiokota kipande

Kisangani inajenga. Kila fondasyo ya nyumba, kila shimo la mchanga, kila tanuru ya matofali inafungua kurasa za kile kitabu, na kuzipasua palepale. Sheria iko: ile ya 15 mwezi wa 3 mwaka 1971 inalinda mali ya utamaduni ya inchi. Musée mpya ya taifa ilifunguliwa Kinshasa mwaka 2019. Lakini Kinshasa ni kilometa zaidi ya 1700 kwa mto, na sheria haina macho. Macho ni yetu.

Basi, kama unachimba na unakuta udongo mweusi wenye vigae na makala, fanya hivi. Usiving'oe haraka. Piga picha na telefone, na weka kitu pembeni, kalamu ao kisanduku cha kiberiti, ukubwa uonekane. Andika mahali: avenue, kartye, kina cha shimo, tarehe. Usisafishe makala kwa mayi na usiichanganye na ya kupikia. Usiuze: chungu yenye kuuzwa bila shimo lake ni bubu. Kisha peleka habari kwa burgumestre ao kwa Iniversite, kule kuna walimu wa historia na wa msitu wenye wanaweza kuangalia.

Walimu wa masomo ya msingi nao wanaweza kusaidia, bila feza. Peleka watoto kwenye ukingo uliokatika wakati mayi imeshuka, uwaonyeshe mistari ya udongo: hapa sisi, hapa babu, hapa watu wenye hatuwajui. Mtoto wa Mbole na mtoto wa Lengola wasimame pamoja mbele ya ule ukingo. Waulize kigae ni cha nani. Hakuna mwenye ataweza kusema ni changu, na kila mmoja ataweza kusema ni chetu.